Swichi ya Kung'ata

Kila siku kengele ya mwisho ilipogongwa, Aurelia hakuelekea nyumbani moja kwa moja. Alikata kona ya soko la Mbinga, akawapita wauza viazi na magunia yao ya maharage, mpaka kwenye banda la baba yake. Banda lilikuwa dogo, mteja mmoja akiingia wa pili hungoja nje. Lakini watu walisema hakuna redio, simu wala amplifaya ya kwaya iliyowahi kumshinda Fundi Joakim, na Aurelia aliwaamini kabisa. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita. Kazi yake bandani ilikuwa kupanga skrubu kwa ukubwa wake, kufagia vipande vya waya na kumshikia baba tochi.

Siku za karibuni kazi ya tochi ilikuwa imeongezeka. Baba alikuwa akisogeza kila kitu karibu na pua, na miwani aliyonunua mnadani ilimteleza kila alipoinama. Mtu akimuuliza habari za macho, alibadilisha mazungumzo, akaanza kulalamikia bei ya mbolea.

Alhamisi moja ya mwezi wa saba akaja kijana mrefu, begani kabeba begi kubwa.

"Shikamoo, mzee. Naitwa Steven. Nimeambiwa Mbinga nzima fundi ni wewe."

"Marahaba. Waliokuambia wana deni la shukrani kwangu," baba akacheka. "Karibu. Una shida gani?"

Steven alifungua begi akatoa kofia ngumu iliyofungwa kamera juu yake. Alieleza kwamba yeye ni mpiga picha wa angani. Huruka kutoka kwenye ndege na mwavuli mgongoni, akawapiga picha warukaji wenzake kabla hawajatua.

Aurelia alidhani anatania. "Sasa kamera unaibonyezaje, kaka, na mikono inashika mwavuli?"

"Swali zuri, mdogo wangu. Mikono haina nafasi. Hewani ndiyo inayoongoza mwili, na mwavuli ukifunguka inashika kamba. Kwa hiyo kitufe changu kiko mdomoni." Akachomoa waya mweusi mwembamba. Mwisho mmoja ulikuwa na plagi ya kuingia kwenye kamera, na mwisho wa pili kifuko cha mpira kisichozidi ukubwa wa haragwe. "Hii ni swichi ya kung'ata. Naiweka katikati ya meno. Nikiuma, kamera inapiga picha. Nikiachia, inangoja."

"Na sasa ukiuma?" baba aliuliza.

"Kimya. Na Jumamosi nina kazi Mbamba Bay, kule ziwani."

Kazi yenyewe haikuwa ya mchezo. Ndugu wawili wazaliwa wa Lundo, Halima na kaka yake Masoudi, walikuwa wamejifunza kuruka na miavuli huko walikokwenda kutafuta maisha. Jumamosi wangeruka kwa mara ya kwanza juu ya ufukwe wa kwao, kwenye sherehe ya ziwani, wakiwa wameshikana mikono. Mama yao, Bi Kauthar, muuza vitenge, aliomba kitu kimoja tu: picha ya wanawe wote wawili juu ya ziwa.

Baba hakukimbilia bisibisi. "Fundi huanza kwa kuuliza," alimwambia Aurelia, kama alivyomwambia mara mia. Alibonyeza kitufe cha kamera yenyewe, ikapiga picha. Basi kamera ilikuwa nzima. Alichukua mita, kile chombo kinacholia umeme unapopita, akapima swichi, kisha waya, hatua kwa hatua. Karibu na plagi mita ilinyamaza. Waya ulikuwa umekatika ndani kwa kukunjwakunjwa. Akakata, akaunga kwa risasi iliyoyeyushwa, akafunika kwa gundi. Steven alipong'ata, kamera ikaitika. Wakacheka wote watatu.

"Gundi haijakauka," baba alisema. "Wewe tangulia. Jumamosi asubuhi nitakuletea mwenyewe, na vifaa vyangu, lolote likitokea niwepo."

Ijumaa jioni baba alibaki bandani kumalizia redio ya mtu. Alimkabidhi Aurelia kopo la bati lenye swichi ndani. "Iweke juu ya kabati. Usiifungue, mwanangu."

"Sawa, baba."

Aurelia hakuwa mtoto mkaidi. Lakini nyumbani hapakuwa na mtu, mama yake, Gertruda, alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, na kopo lile lilimwita. Alijiambia ataangalia tu. Baada ya kuangalia akataka kujaribu. Alivaa beseni la plastiki kichwani, akaweka swichi katikati ya meno, akapanda juu ya benchi la uani, akaruka, akauma, akajipigia picha za kuwazia za milima yote ya Umatengo. Mruko wa nne mguu uliteleza. Akapiga kelele, mdomo ukafunguka, swichi na waya wake vikatumbukia kwenye ndoo ya maji ya kusuuzia vyombo.

Aliitoa haraka, lakini maji yalikuwa yanachuruzika kutoka kwenye kifuko cha mpira. Baba angerudi baada ya saa moja. Jua lilikuwa limezama nyuma ya mlima, na mwezi wa saba Mbinga nguo hukaa kambani siku mbili bila kukauka.

Ndipo alipoinua macho jikoni. Juu ya mafiga kulikuwa na uchanja wa miti, na juu ya uchanja mama aliweka mahindi ya mbegu. Moshi na joto viliyakausha yakakaa miezi bila kuoza wala kuliwa na wadudu. Hiyo ndiyo akili waliyorithi watu wa milimani kwa bibi zao, na ni akili nzuri sana, kwa mahindi. Aurelia akachochea moto, akaitundika swichi kwenye mti wa uchanja, waya ukaning'inia kuelekea ndimi za moto. Akaiacha hapo mpaka aliposikia mama anapiga hodi.

Swichi ilikuwa kavu kabisa. Aliifuta masizi kwa upande wa kanga, akairudisha koponi, kopo akaliweka juu ya kabati. Kwa nje hukuona kitu. Hakumwambia mtu.

Alfajiri baba alivaa shati lake la Jumapili. Ndani ya gari la kushuka Mbamba Bay, Aurelia akiwa kando yake, alifungua kopo, akanusa.

"Mbona inanukia moshi?"

"Nyumba yetu yote inanukia moshi, baba," Aurelia alijibu upesi. Uongo ule ulimtoka mdomoni laini kama siagi, na ulipokwisha kutoka alitamani kuurudisha. Baba alicheka tu, akamwonyesha ziwa lilivyoanza kuonekana chini, la buluu mpaka mwisho wa macho. Alifurahi kama mwanafunzi aliyepelekwa safari. "Leo utaona picha zilizopita kwenye mikono ya baba yako," alisema. Aurelia akageukia dirishani.

Ufukweni watu walijaa. Steven alichomeka waya kwenye kamera, kofia ikiwa bado magotini, akang'ata mara tatu, kamera ikaitika mara tatu. "Safi, mzee!" Aurelia alishusha pumzi. Labda Mungu amenusuru, aliwaza. Bi Kauthar alikuwa amekaa mbele kabisa, kavaa vizuri, macho juu.

Ndege ndogo ilipaa kutoka kiwanja cha majani nyuma ya mji, ikazunguka juu ya ziwa. Vikadondoka vitone vitatu vyeusi. Viwili vilikaribiana, vikawa kimoja, na watu wakapiga vigelegele, maana walijua ni ndugu wawili wameshikana mikono. Kisha miavuli ikafunguka. Halima alitua vizuri. Masoudi alitua kwenye mawe, akaanguka vibaya, akabebwa akiwa ameshika kifundo cha mguu. Daktari aliyekuwepo akasema mguu ule hauruki tena leo wala mwezi huu.

Steven alikuja kwenye hema la sherehe, alikokaa baba na vifaa vyake, akiwa amekunja uso. Alifungua kamera mbele ya baba. Ndani yake mlikuwa na picha moja tu ya mruko ule: sakafu ya ndege na ncha ya kiatu.

"Nimeng'ata mpaka taya linaniuma, mzee. Moja tu, tena ilijipiga yenyewe nilipokuwa navaa kofia. Kisha ikafa."

Baba hakubisha. Alikaa chini, akatoa mita. Aliunyoosha waya juu ya meza, akabonyeza kifuko, mita ikalia. Akaachia, ikanyamaza. Akarudia mara ishirini, na mara zote ishirini ilifanya sawasawa. Akasafisha plagi. Akabadilisha betri ya kamera. Akafungua kile kiungo alichokiunga Alhamisi, akakiunga upya kwa umeme wa jenereta ya muziki. Kila kitu kilikuwa kizima, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

"Saa tisa ndege inaruka mara ya mwisho," Steven alisema. Sauti yake haikuwa ya dharau, ila ilikuwa imechoka. "Mezani inapiga, angani haipigi. Nitaiaminije?"

Watu walianza kusogea kusikiliza. Mmoja akasema, bila kujali nani anasikia, kwamba kazi za namna hii zingepelekwa kwa mafundi wa mjini wenye macho. Baba aliivua miwani akaiweka mezani.

"Kosa ni langu," baba alisema taratibu. "Ni macho, Steven. Kuna kitu hapa na mimi sikioni. Nilijua siku hii itafika." Akaanza kurudisha vifaa kwenye mfuko, kimoja kimoja. "Nikirudi nitafunga banda. Kuna shamba la marehemu baba kule Mpepai. Jembe halihitaji miwani."

Aurelia alitoka nje ya hema. Miguu ilimpeleka mpaka nyuma, kwenye vichanja vya kuanikia usipa, dagaa wa ziwa lile, akasimama pale akiwa haoni kitu. Alijua. Katika ufukwe mzima yeye peke yake alijua kwamba macho ya baba hayakuwa na hatia. Lakini akisema, atakuwa yeye ndiye aliyeharibu picha ya Bi Kauthar. Atakuwa mwongo mbele ya watu wote wale. Akinyamaza, baba atarudi Mbinga akafunge banda kwa kosa lisilo lake, na atalima Mpepai mpaka mwisho akiamini kwamba mikono yake ilimsaliti. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi haikupasuka, na kipaza sauti kikatangaza kwamba imebaki saa moja.

Alirudi hemani mbio, machozi yakimtiririka.

"Baba, si macho yako! Ni mimi. Niliifungua jana. Nikaiangusha kwenye maji, nikaikausha juu ya mafiga."

Baba alimgeukia binti yake. Hakumpiga wala hakumkaripia. Alivaa miwani yake, akauliza kwa sauti ileile aliyowaulizia wateja.

"Maji yalikuwa na sabuni?"

"Hapana, baba. Ya kusuuzia."

"Uliiweka juu ya uchanja au uliitundika?"

"Niliitundika. Hii ya kung'ata juu, waya ukaning'inia."

"Karibu na moto ni sehemu gani?"

Aurelia alijaribu kukumbuka. "Hapa katikati. Ulikunjika hivi, ukaelekea chini."

Baba alifumba macho. Akaupitisha waya katikati ya vidole, polepole, akiukunja kila baada ya inchi, mita ikiwa imeunganishwa. Shubiri moja kutoka kwenye kifuko cha mpira aliukunja, na mita ikalia yenyewe, bila mtu kung'ata. Akaunyoosha, ikanyamaza. Akaukunja, ikalia.

"Hapa," alisema.

Alipasua ganda la nje kwa wembe. Ndani, plastiki za nyaya mbili ndogo zilikuwa zimeyeyuka kwa joto, shaba ikabaki uchi, waya kando ya waya. Zikilala zimenyooka mezani hazikugusana. Lakini kofia ikivaliwa, waya hukunjwa chini ya taya. Pale ndipo zilipokutana, kamera ikadhani Steven ameng'ata na hajaachia. Ilipiga picha moja, ikabaki kusubiri aachie mpaka walipotua ardhini.

"Kumbe!" Steven alijishika kichwa. "Na mimi niliijaribu kofia ikiwa magotini, sikuivaa."

"Na mimi sikukuambia uivae," baba alisema. "Lakini peke yetu tusingepajua mahali hapa kabla ya saa tisa. Aurelia, njoo. Waya mwekundu na wa kijani siwezi kuzitofautisha tena, zimeungua. Nimechoka kujifanya naona. Mimi nitaunga, wewe nionyeshe."

Wakakata kipande kilichoungua. Aurelia alionyesha, baba akaunga. Wakazifunga kila moja peke yake kwa utepe. Steven alivaa kofia kabisa, akafunga mkanda wa kidevu, akageuza kichwa kulia na kushoto, akainama, akang'ata. Kamera iliitika kila mara, na alipoachia ikangoja.

Saa tisa ndege ilipaa. Safari hii vilidondoka vitone viwili tu. Steven alitua akiwa ameinua kidole gumba juu, na kwenye kamera mlikuwa na picha thelathini na moja. Katika mojawapo Halima alikuwa ametandaza mikono, ziwa lote likiwa chini yake na vijiji vya pwani vimejipanga pembeni. Watu walimshangilia Fundi Joakim. Yule aliyesema habari za mafundi wa mjini alishangilia kuliko wote, kama kawaida ya watu wa namna hiyo. Hakuna aliyezungumza tena habari za kufunga banda.

Aurelia hakushangilia. Baba alimshika bega.

"Twende. Kuna mtu hujamwambia."

Bi Kauthar alikuwa amekaa mkekani kando ya Masoudi, ambaye mguu wake ulikuwa umevimba. Mama alikuwa akiukanda kwa kitambaa chenye maji. Aurelia alipiga magoti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Aurelia alimweleza yote, kuanzia beseni kichwani mpaka uongo wa garini. Sauti ilimkatika mara mbili, na mara zote mbili baba alisimama kimya nyuma yake, hakumsaidia. Alipomaliza, Bi Kauthar aliacha kukanda.

"Kwa hiyo picha ya wote wawili haipo?"

"Haipo, mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe." Aliutazama mguu wa Masoudi, kisha akatazama juu, pale mahali angani ambapo asubuhi wanawe walikuwa wameshikana mikono. "Kesho Halima anasafiri. Wakija tena pamoja, sijui kama nitakuwepo. Basi." Akaendelea kukanda mguu.

Aurelia aliona afadhali angetukanwa. Walipokwenda pembeni alikaa mchangani akalia. Baba alichuchumaa mbele yake.

"Nisikilize. Kuangusha swichi ndani ya ndoo ni ajali. Kuikausha juu ya moto ni kutojua, na asiyejua hufundishwa. Lakini kunyamaza ulikuchagua mwenyewe. Ungeniambia jana jioni, ningeitengeneza kabla ugali haujaiva. Ungeniambia garini, ningeitengeneza kabla ndege haijapaa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na chombo kibovu ni mgonjwa kama wagonjwa wengine."

"Lakini nimesema, baba."

"Umesema, na umeniokoa. Nitalikumbuka hilo maisha yangu yote. Lakini ulisema saa nane, mwanangu. Ukweli wa saa nane umetengeneza waya. Picha ya mama yule ilihitaji ukweli wa asubuhi."

Aurelia aliinuka, akafuta uso, akarudi mkekani kwa Bi Kauthar. Akaomba kile kitambaa, ambacho kilikuwa kimeshapata joto, akaenda nacho ziwani kukilowesha maji ya baridi.